Vitanda Viwili

Tulianza kupanga nyuma ya stakabadhi ya korosho,
ile ya mnada wa tatu, iliyochanika pembe.
Mfaume akaandika: mafuta ya boti. Mchele. Limau.
Mimi nikaandika: uongo,
nikapiga mstari chini yake,
kwa kuwa ndiyo gharama ya kwanza ya safari hii
na haina risiti.

Kwa kaka yangu, pale Chikongola, itakuwa semina.
Kwa mama yake, Newala, itakuwa mizani
ya chama cha msingi, imegoma tena,
na nani mwingine Mtwara nzima anayeijua mizani
kama Mfaume wake?
Atamfungia ming'oko ya kuchemsha, ya njiani.
Tutaila ufukweni, kwa chumvi na aibu kidogo.

Wengine wakipanga likizo huuliza
kama maji ni safi, samaki ni bei gani.
Sisi tunauliza nani anafagia.
Tunauliza dirisha linatazama wapi,
komeo liko upande gani wa mlango,
mwenye boti ni mtu wa maswali?
Kisiwa kimoja tulikifuta kwa sababu ya binamu,
kingine kwa sababu ya mwenyekiti wa kitongoji.
Kilichobaki sikitaji jina, hata humu.

Alhamisi nikapiga simu
nimesimama nyuma ya ghala, kwenye harufu ya magunia.
"Mko wangapi?"
"Wawili. Mimi na mwenzangu."

Ahsante, lugha yangu.
Mwenzangu hana ndevu wala hina.
Mwenzangu anapenda pweza, nikasema,
mwenzangu halali bila chandarua, anaogopa popo,
akicheka hufunika jino la mbele kwa kidole.
Dakika nne nzima nilimsifu Mfaume kwa sauti
na hakuna sarufi iliyonishika ukosi.
Kipo kitenzi kimoja tu kinachokaa mlangoni kama karani:
nani anaoa, nani anaolewa?
Hicho tunakizunguka,
tunapitia "kuoana", mlango wa uani,
viatu mkononi.

Kisha Bi Somoe, mwenye vibanda, akauliza:
"Vitanda viwili, au kimoja?"

Nikasikia bahari upande wake wa simu.
Nikasema viwili.
Nilisema upesi,
kama mtu anayekiri kosa la mwingine.

Akanyamaza. Akaguna.
"Viwili vipo. Miguu yake nimeivalisha mipira,
havipigi kelele vikisukumwa.
Ila mvirudishe mahali pake kabla ya saa moja asubuhi.
Yule anayefagia ana mdomo."
Na bei?
"Bei ya watu wawili. Ulitaka bei ya nini?"

Nilipomsimulia, Mfaume alikuwa sakafuni
na jiwe la mizani, la kilo mbili,
akilisugua kutu.
Hakucheka. Alilishika muda mrefu
kama aliyesahau uzito wake.
"Mipira? Alisema mipira?"
Alisema.
"Ya nini, ya ndara kuukuu?"
Sikuuliza, nikamwambia.
Akatikisa kichwa, kama fundi asikiaye kazi ya fundi mwenziwe.

Zimebaki wiki tano, na korosho za Nanyamba hazijalipwa.
Huenda boti ikapanda bei. Huenda kaka
akataka kuona barua ya semina, na mimi
nitaichapa, nitaigonga muhuri wa ghala,
mkono ukitetemeka.
Jana Mfaume kanunua taulo mbili, rangi moja.
Ati muuzaji hakuwa na nyingine.
Mwongo! Nimepita pale sokoni, nimeziona
zimetundikwa, za njano, za kijani, za maua.

Stakabadhi imejaa.
Chini kabisa, chini ya limau na kiberiti,
kwa penseli, kwa ile hati yake iliyosimama wima,
ameandika: saa ya mezani. Ituamshe kumi na mbili na nusu.
Kisha kafuta, karatasi ikakwanguka,
akaandika upya juu ya jeraha:
saa moja kasorobo.